Mkono wa Koroga

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata kwa muuza vocha wa pale kona, aliitwa Koroga, na aliitwa hivyo kwa miaka mingi kiasi kwamba mkewe ndiye pekee aliyelikumbuka jina lake halisi, naye hulitumia akiwa amekasirika. Siku hizo Koroga hugeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Jina lilitokana na kazi. Koroga alikuwa mkoroga tope.

Msicheke. Ni kazi kama kazi nyingine, ina buti zake na koti lake la mvua. Kituo chao kilikuwa cha utafiti wa udongo: majengo marefu ya bati chini ya mteremko, na juu ya mteremko vipande vya shamba vilivyozungushiwa mabati yaliyosimikwa ardhini, kila kipande upana uleule na urefu uleule. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka ndani ya kipande hayana pa kutorokea ila kwenye mfereji wa chini, na mfereji unayapeleka ndani ya pipa. Asubuhi yake pipa limejaa maji mekundu, na ndani ya maji hayo mna udongo ambao jana ulikuwa shamba. Huwezi kukausha pipa zima ili ujue ni udongo kiasi gani. Kwa hiyo unakoroga kwa mwiko mrefu wa mbao mpaka kila kilicholala kiamke, na kabla hakijalala tena unazamisha chupa, unachota, unafunga. Chupa inakwenda maabara, inakaushwa kwenye oveni, na vumbi linalobaki linapimwa kwenye mizani. Baada ya hapo wenye kalkuleta wanazidisha: chupa kwa pipa, pipa kwa kipande, kipande kwa mlima mzima. Kijiko cha tope kikizidishwa namna hiyo kinafika kwenye ripoti kikiwa lori.

Sasa shida iko kwenye chupa. Tope halina subira. Mwiko ukipunguza mwendo kidogo tu, mchanga unashuka chini na maji ya rangi yanabaki juu. Anayechota juu anapata maji, anayechota chini anapata uji. Wapi hasa pa kuzamisha chupa, Koroga hakuwahi kuambiwa. Mzee aliyemfundisha, ambaye alistaafu zamani, alimpa maneno manne tu, "koroga sana, chota upesi," halafu akaenda zake kunywa chai. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo, na kwa mafunzo hayo Koroga akaajiriwa, akaoa, akasomesha watoto.

Kila asubuhi baada ya mvua mlinzi wa geti alikuwa na utani wake uleule. "Haya, nenda kalikoroge. Lakini ukilikoroga utalinywa, shauri yako!" Koroga naye alikuwa na jibu lake lilelile: "Nitakuletea na wewe chupa moja." Walicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Hakukuwa na mambo mengi ya kuchekesha pale kituoni, kwa hiyo kilichokuwepo walikitumia mpaka kikachakaa.

Koroga alikuwa na kaka mmoja tu. Walizaliwa wawili, wakalala kitanda kimoja, wakavaa shati moja kwa zamu. Mdogo alipopata kazi kituoni, mkubwa alibaki na shamba la baba yao juu kwenye mlima unaotazama bwawa la maji ya mji. Lilikuwa shamba la mtu mwenye bidii. Kaka alikuwa akilima kwa jembe la mkono mpaka mgongo unakataa kunyooka, na jioni anakaa kizingitini anautazama mteremko wake kama mtu anayemtazama mtoto wake akicheza. Wakati huo ndugu hawa walikuwa wanapendana, na ukimwona mmoja barabarani ulimwuliza habari za mwingine.

Kisha bwawa likaanza kujaa tope. Wakubwa wa mji wakataka kujua tope linatoka wapi, na kwa kuwa tope huteremka, macho yote yakapanda mlimani. Kituo kikaambiwa kipime. Kukachorwa mstari: shamba litakalopoteza udongo kupita kiasi fulani litafungwa na mwenye shamba atahamishwa, litakalokuwa chini ya mstari litaachwa. Vipande vya mabati vikasimikwa kwenye mashamba kadhaa ya mlimani, na kimoja kikaangukia shamba la kaka. Mkorogaji wa upande ule alikuwa Koroga.

Siku ya kwanza wanapanda kwenda kule, mkuu wa kituo alisimama mlangoni mwa gari akamtazama Koroga, akasema kwa kucheka, "Na wewe usije ukamchotea kaka yako maji ya juu!" Gari zima likacheka. Koroga akacheka pia. Utani ule ulimwingia kama mwiba wa mguu, usioonekana lakini unatembea nao. Alipofika kwenye pipa la kaka yake alikoroga mpaka jasho likamtoka, kisha akauzamisha mkono hadi bega, akaipeleka chupa chini kabisa ambako tope ni zito, akaijaza huko. Moyo ukamtulia. Hakuna atakayesema amependelea ndugu. Tangu siku ile akawa anachota hivyohivyo kwenye kila pipa, maana aliona si haki kuwa mkali kwa ndugu na mlegevu kwa wengine. Alikuwa amejiambia kwamba ukweli umelala chini, na mvivu ndiye anayechota juu.

Mkuu wa kituo akamwona, akampenda. "Koroga haogopi kulowa," alikuwa akisema mbele ya wageni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alisifiwa, akalitia tope.

Majibu yalipotoka, mashamba mawili matatu ya mlimani yalivuka mstari, na la kaka lilikuwa mojawapo. Halikuvuka kwa mbali. Lilivuka kidogo tu, lakini mstari ni mstari. Mkutano ukaitishwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, karatasi zikasomwa. Kaka akasimama. Hakumwuliza mkuu wa kituo wala mtu wa serikali. Aligeuka akamtafuta mdogo wake kule nyuma alikokaa na wenzake wa buti, akamwuliza mbele ya watu wote, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyechota. Ni kweli?"

Koroga alihisi macho ya mkuu wa kituo shingoni. Akasema, "Kipimo hakidanganyi, kaka."

Kaka akakaa. Baada ya miezi michache alihamia mjini, kwenye kiwanja alichopewa, mahali pagumu pasipoota hata magugu, akawa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Jembe alihama nalo. Ndugu hawa hawakugombana, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana ugomvi una siku ya kusuluhishwa. Walikutana misibani tu, mmoja anakaa mwanzo wa benchi, mwingine mwisho. "Salama?" "Salama." Kaka alipopata kiharusi, Koroga alikwenda hospitali, akakaa kitandani upande wa miguu, akatazama dripu inavyodondoka mpaka muda wa wageni ukaisha. Hakuna aliyesema neno la maana.

Kila alipoumia moyoni, Koroga alijishika kwenye kitu kimoja: alipima kwa haki. Alimpoteza kaka, lakini hakumwibia. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na huongea huku akishona, alimchoka kwa hilo. "Haki, haki. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Nyie hamgombani, hampatani. Sasa sisi wengine tushike nini?" Koroga alitoka nje akasugua buti zake ambazo zilikuwa safi.

Mambo yangeishia hapo kama asingekuja mtafiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na kilichomleta hakikuwa udongo. Kilikuwa watu wanaopima udongo. Alikuwa amesumbuka na jambo moja la zamani: vipande viwili vilivyo kando kwa kando, mteremko mmoja, udongo mmoja, mvua moja, kimoja kinatoa tope mara mbili ya mwenzake, na mwaka unaofuata vinabadilishana. Wataalamu walikuwa wameandika mengi kuhusu mashimo ya panya na nyufa za udongo. Yeye akauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa pale kituoni: nani alikuwa ameshika chupa?

Akapanga mapipa chini ya banda. Kila pipa alitia maji, na kila pipa alitia udongo ambao alikuwa ameukausha na kuupima mwenyewe, kiasi anachokijua yeye peke yake. Halafu akawaita wakorogaji, Koroga na mwenzake aliyeitwa Mrefu na wengine wawili kutoka vituo vya jirani, akawaambia wakoroge na kuchota kama wanavyofanya siku zote.

"Huu si mtihani wa mtu," akasema. "Ni mtihani wa njia."

Aliyewahi kufanya kazi ya kibarua anajua maneno kama hayo husemwa lini. Wenzake walinywea. Koroga, maskini, alifurahi. Alikuwa amengoja siku kama hii bila kujua kwamba anaingoja, siku ambayo mtu mwenye mizani angeutazama mkono wake na kusema mbele ya wote kwamba ni mkono wa haki. Akakunja mkono wa shati hadi begani. Akakoroga pipa la kwanza kwa madaha, maji yakapanda kuta, akazama na chupa mpaka sikio likagusa maji. Mrefu, ambaye huogopa kulowa kama paka, aliteka juujuu na kufunga.

"Unachota maji ya kunawa?" Koroga akamtania.

"Na wewe unatafuta sarafu iliyozama?" Mrefu akajibu.

Walicheka. Walikoroga mapipa yaleyale asubuhi, wakayarudia mchana, wakayarudia tena kesho yake, kwa sababu mtafiti alitaka kuona kama mkono wa mtu mmoja unajikubali wenyewe. Chupa zikapangwa kwenye makreti, zikaenda kwenye oveni.

Majibu aliyabandika kwenye ukuta wa chumba cha chai. Karatasi kubwa, katikati mstari mnyoofu, na huo mstari ulikuwa udongo alioutia mwenyewe, ukweli mtupu. Kila mkorogaji alikuwa na herufi badala ya jina, na nukta zake zimetawanyika kwenye safu yake. Karibu nukta zote za mmoja zilikuwa chini ya mstari. Wawili walikuwa wamesambaa huku na huku. Na mmoja nukta zake zilikuwa juu, moja karibu mara mbili ya ukweli, nyingine juu kiasi, nyingine imeshuka karibu iguse mstari kisha inayofuata imeruka tena.

"Huyu wa juu anatia chumvi jamani!" Mrefu akasema, na chumba kizima kikacheka. Koroga akacheka na wenzake, kikombe mkononi.

Baadaye mtafiti alimwita kila mmoja peke yake ofisini. Ofisi ilikuwa na harufu ya udongo mkavu na feni ndogo iliyokuwa inageuza shingo. Akamkalisha Koroga, akavua miwani.

"Wewe ndiye wa juu," akasema.

Koroga akauliza, "Juu ni vizuri?"

Mtafiti akaigeuza miwani mkononi. "Juu ni zaidi ya kilichokuwemo. Mimi nilitia udongo kidogo, wewe ukanionyesha mwingi."

"Lakini nilichota chini kabisa."

"Ndiyo maana, baba. Chini ndiko udongo unakokimbilia. Ukichota huko unalichukua tope lililojikusanya, kisha tunalizidisha kana kwamba pipa zima liko hivyo."

Koroga akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti. Ulikuwa mkono wa kawaida, kucha zina tope. Akauliza, taratibu, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua, "Na mwenye kuchota juu?"

"Naye anakosea, upande wa pili. Hakuna aliyepata sawa, na wala si kosa lenu. Hakuna aliyewaonyesha."

"Basi vipimo vyangu vya zamani mnaweza kuvipunguza. Mnajua sasa nazidisha. Mnapunguza."

Mtafiti akatikisa kichwa. Kama angekuwa anazidisha kiasi kilekile siku zote, alisema, ingekuwa rahisi. Lakini siku nyingine anazidisha sana, siku nyingine kidogo, siku nyingine karibu sawa, na hakuna wa kujua siku ipi ilikuwa ipi. Kile kilichokuwa ndani ya mapipa yale kilishamwagwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagwa na Koroga mwenyewe, kila mara baada ya kuchota, kwa kupindua pipa.

"Kuna shamba kule mlimani," Koroga akasema. "Lilivuka mstari kidogo."

Mtafiti hakujua habari za shamba. Alifungua kompyuta, akatafuta, akakaa akitazama kioo kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulibadilika kabla hajasema kitu.

"Linaweza kuwa lilikuwa juu ya mstari kweli," akasema. "Linaweza kuwa lilikuwa chini. Siwezi kukwambia. Tutaandika kwamba vipimo vya zamani vitumiwe kwa tahadhari."

Tahadhari! Nyumba ya mtu imeng'olewa mabati, mahindi yake yamegeuka pori, mwenyewe amelala nusu mwili hausikii, ndipo tahadhari inafika, imechelewa kama mgeni wa harusi aliyepotea njia. Na bwawa lenyewe bado lilikuwa linajaa tope, mashamba yakiwa yamefungwa miaka yote hiyo. Koroga alimshukuru mtafiti, maana alilelewa kushukuru, akatoka. Getini mlinzi alimwita na utani wake. Koroga alipita bila kujibu, na mlinzi akabaki na mdomo wazi.

Nyumbani alimweleza mkewe yote. Cherehani ikasimama, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Hajui?" mkewe akauliza.

"Hajui. Anadhani lilivuka."

"Basi muache. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Utamwambia ili iweje? Utamrudishia shamba?"

"Siwezi."

"Unaona. Unataka kwenda kutua mzigo wako kwenye kitanda cha mgonjwa." Akaanza tena kushona, halafu akaacha tena. Sauti yake ikalainika. "Mume wangu, umeumia, naona. Lakini yeye ameumia zaidi, na ameshazoea."

Alikuwa na haki, na Koroga alijua ana haki. Alikaa na jambo lile siku kadhaa, halili vizuri, kazini anakoroga na mkono haujui uende wapi, juu au chini au katikati, mpaka Mrefu akamwuliza kama bega linamsumbua. Siku ya mapumziko alivaa shati safi akaenda kwa kaka yake bila kumuaga mkewe.

Nyumba ya kaka ilikuwa vyumba viwili na ua wa saruji. Shemeji alimpokea mlangoni kwa mshangao ambao hakuweza kuuficha. "Karibu shemeji, karibu. Leo mvua itanyesha!" Akamwingiza chumbani, akaleta vikombe viwili vya chai, akasema anakwenda mara moja kwa jirani. Alikwenda ili ndugu wabaki peke yao. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti kilichosogezwa dirishani, mkono wa kulia umelala mapajani. Nyuma ya mlango lilisimama jembe, mpini wake umelainika kwa mikono ya miaka, chuma chake kikiwa safi. Mtu alikuwa analisafisha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa." Kaka akamtazama. Nusu ya uso ilitabasamu, nusu nyingine ilishindwa. "Umekonda. Mkeo hakupi chakula?"

Utani. Koroga hakuutegemea utani. Akajifanya anakohoa.

"Nashukuru umekuja," kaka akasema. Maneno yalitoka polepole, mengine yakiburuta mguu. "Nilikuwa nataka kukuita. Nilikuchukia, mdogo wangu, nisikufiche. Nilikaa pale dukani usiku na mchana nakuchukia. Halafu nilipougua nikapata nafasi ya kufikiri. Nikasema, huyu tumelala naye kitanda kimoja. Angekuwa na njia ya kuniokoa, angeniokoa. Kama alisema mbele ya watu udongo unakwenda, basi ulikuwa unakwenda. Ni mimi niliyeua shamba la baba. Nililima vibaya. Mzee alikuwa ananiambia niweke makinga maji pale juu, mimi nikajiona najua."

"Kaka."

"Ngoja nimalize. Mwanangu alitaka kukodi shamba, mwaka juzi. Nikamkataza. Nikamwambia, sisi mikono yetu inaua ardhi, katafute kazi nyingine. Sasa anabeba mizigo stendi. Analalamika, lakini heri hivyo. Kwa hiyo sina kinyongo na wewe. Nilitaka ulisikie hilo kabla sijaenda."

Msamaha aliokuwa ameuota miaka yote ulikuwa umewekwa mezani, karibu na kikombe. Ilikuwa kiasi cha kunyoosha mkono tu na kuuchukua. Angesema "asante kaka," wangelia kidogo, shemeji angerudi akakuta wanazungumza habari za utotoni, na wote wangesema Mungu mkubwa. Koroga alilitazama lile jembe safi nyuma ya mlango. Akaona kijana wa watu stendi na gunia mgongoni, kwa sababu ya chupa iliyozamishwa chini mno.

Kaka akasukuma kikombe chake kwa mkono wa kushoto. "Nikorogee, tafadhali. Sukari imelala chini, na huu mkono wa pili hauna akili."

Koroga akachukua kijiko. Akakoroga, na huku anakoroga akasema. Hakupamba. Alianza na utani wa mkuu wa kituo mlangoni mwa gari, akaenda kwenye mkono uliozama hadi bega, akaja kwenye mapipa chini ya banda na nukta za ukutani. Kijiko kiligonga kuta za kikombe muda wote. Alipomaliza, chai ilikuwa bado inazunguka yenyewe, na yeye hakuthubutu kuinua macho.

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye saruji.

"Ulichota chini ili wasiseme unanipendelea," kaka akasema hatimaye.

"Ndiyo, kaka."

"Kwa hiyo shamba lilikuwa zima."

Hapo ndipo Koroga alipotamani kudanganya. Angesema ndiyo, angalau kaka angeamini kwamba mikono yake haikuua kitu. Angesema hapana, angalau angerudi kwenye utulivu wake. Lakini hakuwa na ndiyo wala hapana. Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo kuliko vyote.

"Sijui," akasema. "Huenda lilikuwa zima. Huenda udongo ulikuwa unakwenda kweli. Hata mtafiti mwenyewe hajui. Haiwezi kujulikana tena."

"Hujui."

"Sijui, kaka."

"Siku ile pale uwanjani," kaka akasema, "nilipokuuliza mbele ya watu, ulijua."

Hakupaza sauti. Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi, lakini hilo lilikuwa linatoa machozi kila siku tangu kiharusi, na Koroga hakuweza kupima ni yapi ya ugonjwa na ni yapi yake. Akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza mbele ya kaka yake, chai imekolea sukari sawasawa, juu hadi chini.

Kaka alikitazama kikombe. Kisha kwa mkono wake wa kushoto, polepole, akakirudisha upande wa pili wa meza, mpaka kikagusa vidole vya Koroga.

"Kunywa wewe," akasema.

Koroga akakiinua akanywa, na kaka yake akageuza uso akatazama dirishani.